Dari ya Netta Swankie

Lori lililobeba vyombo vya Dod Lamont lilikuwa limeshapita kanisa na kuanza kupanda kilima kuelekea barabara kuu, na nusu ya mji wa Inverdour ilikuwa bado imesimama nje ya klabu ya gofu ikimpungia. Dod alikuwa amewafundisha gofu tangu nywele zake zilipokuwa nyekundu, na sasa alikuwa anakwenda Uhispania kuota jua kwa dada yake. Wanaume walipunga kofia. Netta Swankie, ambaye alikuwa ametoka uwanjani moja kwa moja na fimbo ya gofu mkononi, aliinua fimbo ile juu kumuaga mwalimu wake. Ikagonga dari. Ko! Masizi yakamdondokea begani, akayapangusa, akaendelea kupunga kwa mkono wa pili.

"Taratibu, Netta," alisema Bwana Ninian Farquhar, nahodha wa klabu, aliyekuwa amesimama ubavuni pake. "Utakuja kuiharibu."

Dari ile haikuwa jambo la kuzungumzwa pale mjini. Ilikuwa ya mbao za msonobari, nyeusi kwa moshi, na boriti moja nene iliipita katikati. Haikuwa na kuta wala nguzo. Ilikaa hewani, shubiri moja tu juu ya kichwa cha Netta, kila aliposhika fimbo ya gofu, na akiiweka fimbo chini, dari nayo ilikwenda zake. Wanawake wote wa klabu walikuwa nazo, kila mtu na yake. Ya Mima Cargill ilikuwa ya chokaa nyeupe, yenye ndoano ya taa, maana Mima alijifunzia sebuleni kwao. Ya mke wa daktari ilikuwa na maua ya plasta pembeni. Lakini ya Netta ndiyo iliyokuwa pana kuliko zote, na ilikuwa haivuji. Mvua ilipoanza, na pwani ile mvua haiombi ruhusa, wanaume walipiga kelele kutoka kila upande wa uwanja, "Netta! Netta, shika fimbo mama, tunalowa huku!" Naye alishika, wakaja kujibanza chini yake na kuwasha viko vyao, hadi mawingu yapite.

Aliijenga mama yake, Bella, na aliijenga kwa mapenzi. Enzi za Bella ilijulikana kwamba mwanamke hainui fimbo ya gofu kupita bega. Hakuna aliyeliandika jambo hilo popote. Lilijulikana tu, kama inavyojulikana kwamba samaki hupasuliwa tumboni. Bella alipoona binti yake ana mkono wa kupiga, alimwingiza kwenye banda la moshi nyuma ya nyumba, lenye dari ya chini, kati ya samaki wa hadoki waliofungwa wawiliwawili mkiani na kuning'inizwa vijitini, akampa fimbo na kumwambia, "Piga. Ukigusa mbao, umekosea." Alitaka mtoto mwenye adabu za uwanjani, ambaye hakuna nahodha angepata sababu ya kumtoa. Akampata. Netta alijifunza kupiga kwa mikono peke yake, kiuno kimefungwa, fimbo ikimzunguka kama mwiko kwenye sufuria ya uji, na kila mpigo aliumalizia kifuani kama mtu aliyebanwa na mlango. Alicheza hivyo miaka nenda rudi, na kwa mpigo huo huo mbovu aliwashinda wanawake wote wa Inverdour na wanaume kadhaa ambao hawapendi kutajwa.

Shimo moja tu lilimshinda, nalo ni la mwisho. Mbele yake kuna korongo lenye miiba na kijito. Wanaume hupigia upande huu wa korongo. Alama ya wanawake imewekwa upande wa pili, kwa sababu ya zile dari, kwa hiyo wao hulizunguka korongo kwa miguu na kuanzia huko. Na ipo desturi. Siku ya mashindano ya vuli, yeyote atakayevusha mpira wake kutoka alama ya nyuma, ile ya wanaume, hadi kwenye nyasi fupi, nahodha humfungulia mlango wa mbele wa klabu kwa mkono wake mwenyewe, akamkaribisha chumba kikubwa na kummiminia wiski. Kwa mwanamume ni mzaha wa kila mwaka, kwani mlango ule ni wake siku zote. Wanawake wa klabu huingilia jikoni. Desturi ilisema "yeyote" kwa sababu walioianzisha walikuwa wameziangalia zile dari na mioyo yao ilikuwa imetulia.

Bella aliingia kaburini bila kuupita mlango ule. Netta alitaka kuupita. Nyonga yake ya kulia ilikuwa imeanza kumlaza na viatu, asiweze kuinama kuvivua, na daktari wa Dundee alishasema kwamba kabla ya Krismasi ataikata na kuweka ya chuma. Vuli ile ndiyo ilikuwa ya mwisho kwake akiwa na mifupa yake mwenyewe.

Mwalimu aliyeletwa badala ya Dod aliitwa Peigi MacAskill, binti kutoka kisiwa cha Barra, huko magharibi, ambako wanacheza gofu katikati ya ng'ombe na upepo haumwachii mtu kitu chochote juu ya kichwa. Alikuja na begi moja na hakuwa na dari. Watu walimtazama akipiga, fimbo ikipanda juu na kushuka bila kizuizi, wakasema kwamba ni mtu wa visiwani, wakaendelea na chai yao.

"Nipigie mmoja nione, mama," Peigi alimwambia Netta siku ya kwanza.

Netta akapiga. Mpira ukatoka chini chini, ukapinda kulia, ukajificha kwenye majani.

"Haya. Sasa nipigie kama huna dari."

"Ninayo."

"Naiona. Kazi safi. Kaijenga nani?"

"Mamangu."

Peigi aliinua uso, akazikagua mbao. "Alikuwa fundi. Ila alikufundisha kuziogopa mbao. Kupiga mpira hakukufundisha."

Netta akaanza kukusanya vitu vyake. "Sikiliza, binti. Wewe umeshuka juzi kwenye feri, bado unanuka ng'ombe. Mamangu usimguse."

"Simgusi, mama. Nitagusa vidole vyako tu. Lete."

Akavichukua vidole vya Netta na kuvipanga upya juu ya mpini, kimoja kimoja. Netta alivitazama kama vidole vya mtu mwingine.

"Unaikaba fimbo," Peigi alisema. "Kama mtu anayekamua gunia."

"Nakamua magunia kila asubuhi bandani. Yanafunika moto wa samaki, moshi usitoroke. Utakamuaje gunia bila kulikaba?"

"Gunia likabe. Hii ishike kama mkono wa bibi unayemvusha barabara. Ukimwachia anaanguka. Ukimkaba anakutukana."

Hivyo ndivyo walivyoanza, mwanzo kabisa, kama watoto. Mshiko kwanza. Kisha miguu, ikae upana wa mabega, uzito usikimbilie visigino. Kisha magoti. Kisha kupiga bila mpira, miguu imebanwa pamoja, polepole mpaka mbuzi wa jirani wakachoka kuangalia. Mwili wa Netta ulikataa. Kila alipolegeza mikono, kiuno kilijifunga. Alipofungua kiuno, mikono ilirudi kukaba. Mipira iliyokuwa ikipinda kulia sasa ilikwenda kulia, kushoto, na mmoja ulirudi nyuma na kumgonga mbwa wa padri. Mwezi wa Juni alifungwa na Mima Cargill kwa mara ya kwanza tangu wote wawili walipokuwa na meno yao.

"Netta jamani," Mima alisema, akiufuta mpira wake matope, "wenzako wanakwenda shule kujifunza. Wewe umekwenda kusahau?"

"Cheka tu. Ukimaliza kucheka, ndoano yako ya taa inaning'inia, itakutoboa jicho."

Nyumbani alifanya mazoezi kwenye banda la moshi, bila fimbo, huku akifunga samaki mikia. Anafunga wawili, anageuza mabega, kiuno kinafuata. Anafunga wawili tena. Mume wake aliitwa Eck Kijiti, kwa kuwa nusu ya mji ni akina Swankie na akina Eck walikuwa wengi mno kuitwa Eck tu. Alisimama mlangoni na gogo mkononi.

"Unacheza dansi na hadoki, mke wangu?"

"Nageuza nyonga."

"Basi igeuzie huku, moto unakufa."

Mwezi wa Julai kiuno kilifunguka. Kilifunguka ghafla, asubuhi moja uwanjani, kama bawaba iliyotiwa mafuta. Mabega yakageuka yote, mkono wa kushoto ukanyooka, fimbo ikapanda yenyewe hadi mahali ambapo haikuwahi kufika. Ko! Ikagonga boriti, na masizi yakammwagikia kichwani.

"Nimegonga," alisema Netta, kwa sauti ya msichana wa miaka saba.

"Umegonga wapi?" aliuliza Peigi.

Waliangalia juu. Dari yote ilikuwa na alama za zamani, hapa na pale, kama yadi iliyochakurwa na kuku. Ndiyo ilikuwa miaka yote ya Netta, kila alipoteleza.

"Mpigo mbovu hugonga popote," Peigi alisema. "Ndiyo maana dari yako ni nzima. Piga tena."

Netta akapiga tena. Ko!

"Tena."

Ko! Mara zote tatu palikuwa pale pale, penye mbonyeo mdogo pembezoni mwa boriti. Peigi alikwenda kufundisha watoto wa shule, akamwacha Netta ameinua uso.

Netta hakurudi uwanjani juma zima. Alimwambia Eck kwamba nyonga inamsumbua, na ilikuwa kweli, lakini kilichomsumbua zaidi ni kwamba sasa alijua anachotakiwa kufanya. Binti yule alitaka avunje dari ya mama yake. Mbao zile Bella alizichukua kwenye mashua iliyokufa, akazibeba mgongoni kutoka ufukweni, akazipigilia mwenyewe huku mumewe akimshikia misumari. Chini yake alimlisha Netta, alimfundisha, akazeeka. Mtu ashike fimbo na kuivunja hivi hivi, kwa ajili ya glasi ya wiski ya Ninian Farquhar?

Jumamosi alipanda juu ya pipa ndani ya banda ili afute masizi, kwa kuwa moto ulikuwa umezimwa na samaki wameshapelekwa sokoni. Alipofika kwenye boriti, kidole chake kikaingia kwenye shimo.

Ulikuwa mbonyeo, mahali pale pale pa ile dari ya uwanjani. Netta alikaa juu ya pipa akiutazama. Humu bandani hakuwahi kupiga kwa mpigo wake mpya, hata mara moja. Alichokonoa kwa ukucha. Ndani ya mbonyeo masizi yalikuwa magumu kama lami, ya miaka mingi kuliko ndoa yake. Ulikuwa wa kina cha kifundo cha kidole. Haukuwa wa mtu aliyeteleza. Mbao zote zilizouzunguka zilikuwa safi, hazina alama. Mtu mmoja alikuwa amesimama pale chini, mlango umefungwa, samaki wote wakiwa mashahidi, akapiga mpigo mzima, na akapiga tena, na tena, pale pale.

"Eck!" aliita. "Mamangu alikuwa anapiga kwa fimbo gani?"

"Ile ndefu ya babu yako," Eck alijibu kutoka nje. "Ilikuwa na kichwa kilichobondeka upande mmoja. Nilimuuliza siku moja, akaniambia nishughulike na kuni."

Netta alishuka kwenye pipa. Alinawa uso. Jioni, ambayo mwezi ule kwao haina haraka ya kuingia, alikuwa uwanjani na Peigi.

"Nimekuta kazi imeshaanzwa," alisema, na akashika fimbo.

Agosti nzima mji ulisikia ko, ko, ko kutoka uwanjani, kama seremala mwenye kazi moja. Boriti ilipata ufa. Mvua iliyofuata wanaume walipojibanza chini yake kama kawaida, tone moja la maji lilipita kwenye ufa na kuingia kwenye kola ya nahodha. Bwana Farquhar alimfuata Netta sokoni siku ya pili, akasimama mbele ya meza yake ya samaki na kofia mkononi.

"Netta, kamati imekaa. Dari ile huonekana kwenye uwanja wa klabu tu, kwa hiyo kamati imeona kwamba ni mali ya klabu. Na inavuja."

"Kama ni yenu, ichukueni."

"Hatuna njia ya kuichukua. Tunaomba tu urudi kwenye ule mpigo wako wa zamani. Ulikuwa mpigo mzuri. Wote tuliuzoea."

"Wawili au wanne?"

"Nini?"

"Hadoki, Ninian. Unazuia watu."

Akachukua wanne, wakiwa bado wana joto, akaondoka nao.

Siku ya mashindano ya vuli upepo ulitoka baharini na mawingu yalikuwa chini. Netta alicheza na Mima Cargill. Walipofika shimo la mwisho, Mima aligeuka kulizunguka korongo kama siku zote. Netta alikwenda moja kwa moja hadi alama ya nyuma na kuchomeka mpira wake.

Wanaume waliokwisha maliza walikuwa wamesimama mbele ya klabu na vikombe vyao. Mmoja alipaza sauti, "Netta, umepotea! Alama yenu iko ng'ambo!"

"Najua iliko. Nimeichoka!"

Mima alisimama njiani. Peigi alikuwa mlangoni pa duka lake dogo la vifaa vya gofu, anakula tufaha. Eck alikuwa ameacha moto peke yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na alikuwa kando ya korongo bado amefunga aproni yake ya moshi.

Netta alipanga vidole kimoja kimoja. Alipanga miguu. Nyonga ilimchoma, akaiambia ingoje. Kisha akageuka, mabega yote, mgongo wote ukielekea bahari, fimbo ikapanda. Haikusema ko. Ilisema kraa, kama tawi kubwa, na fimbo ikapita juu, na ubao mmoja ukaanguka nyuma yake kwenye nyasi, na kwa tundu lile mwanga ukamshukia kuanzia utosini hadi mikononi. Hakuutazama. Macho yake yalikuwa kwenye mpira. Alishuka, kiuno kwanza, mikono ikifuata bila kukaba, akapiga, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliumaliza mpigo, fimbo imekaa juu ya bega la kushoto, kifua kimeelekea klabu, kisigino cha kulia kimenyanyuka.

Mpira ulipanda. Ulilivuka korongo, ukavuka miiba, ukavuka na ile alama ya wanawake, ukadunda kwenye nyasi fupi na kutulia.

Watu walipiga makofi kama wanavyopiga kwa mpira mzuri. Mima alikuja akauokota ubao ulioanguka, akauegemeza kwenye uzio ili mtu asijikwae.

"Huo hata mimi siucheki," alisema.

"Lia basi," alisema Netta.

Eck alikuwa anajifuta macho kwa aproni ile ya moshi, na ndiyo maana yalizidi kutoa machozi.

Bwana Farquhar aliufungua mlango wa mbele kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa yeye ni mtu wa desturi. Netta alijifuta viatu na kuingia. Chumba kikubwa kilikuwa na zulia la kijani na picha za manahodha, na dirisha lake lilitazama shimo la mwisho. Kutoka pale aliona alama ya wanawake ilivyo karibu, na ni kitu kidogo kiasi gani. Alimiminiwa wiski.

"Umepiga vizuri sana," alisema nahodha.

"Najua," alisema Netta.

Akanywa yote, amesimama, akaiweka glasi mezani mbele ya nahodha ili aioshe yeye, akatoka kwa mlango ule ule alioingilia.

Jumatatu kamati ilimleta seremala na ngazi. Netta aliombwa ashike fimbo na asimame wima, akasimama, na seremala akaziba tundu kwa ubao mpya mweupe na bamba la chuma. Netta alimshukuru kwa kazi nzuri. Desemba walimwekea nyonga ya chuma kule Dundee. Vuli iliyofuata alisimama tena alama ya nyuma na kupita kwenye ule ubao mpya, akanywa wiski yake, na seremala akaitwa. Ikawa hivyo kila mwaka, hadi seremala alipostaafu na mwanawe akairithi kazi ile.

Dod Lamont alifariki Uhispania, kivulini. Peigi MacAskill hakuongezewa mkataba. Kamati ilisema amefundisha vizuri kupita mahitaji ya klabu, akarudi Barra kwa ng'ombe wake. Mima Cargill alijaribu misimu miwili, akaing'oa ndoano ya taa, chokaa haikutoka. Bwana Farquhar alibaki nahodha mpaka alipochoka, na picha yake iko kwenye chumba kikubwa, ya tatu kutoka dirishani. Eck Kijiti aliendelea kuwasha moto. Wanawake wa Inverdour bado huingilia jikoni, na alama yao bado iko ng'ambo ya korongo. Wasichana wanaoanza gofu sasa hupata dari zao wakifikia miaka tisa au kumi, nyepesi, za mbao za siku hizi.

Netta alikufa mzee, kitandani kwake, mikono nje ya blanketi, imelegea. Dari yake haikwenda zake safari hii. Ilibaki juu ya alama ya nyuma ya shimo la mwisho, na wanaume hujikinga hapo mvua ikinyesha. Klabu imeiwekea boriti mpya na kuipaka lami mara mbili. Bado inavuja, pale pale.